Kiti Kilichoniletea Mbwa

Haya, mmetulia? Bwana asifiwe! Hapo nyuma mnaitikia kama watu wamenyimwa chai. Chai inakuja. Wewe mama uko hapo mlangoni, simama tu kidogo, usikae, niko na sababu yangu. Wengine nisikizeni, maana leo ndiyo mara ya kwanza kikundi kinakutana kwangu, na mmengoja miaka miwili.

Mimi sikusoma, kwa hivyo hakuna karatasi hapa. Nitasema tu.

Mnakumbuka nilikuwa naishi Buruburu. Mzee wangu alipoitwa na Mungu, maua ya kaburi hata hayajanyauka, watu wa kwao wakaja na lori. Sitaji mtu. Lakini kulikuwa na mmoja sauti yake inapitia kwa pua: "Shemejii, hivi vitu ni vya ndugu yetu, si unaelewaa?" Nikaelewa. Wakabeba makochi, wakabeba kabati, wakabeba hadi vitambaa vya makochi, vile nilishona na mikono yangu. Kilibaki kimoja tu, kwa sababu kilikuwa ndani ya beseni nimekiloweka. Sabuni iliniokolea.

Nikahamia hapa Kiamaiko, karibu na soko la mbuzi, chumba kimoja, kitanda na ndoo. Na hapo ndipo nilianza uongo. Zamu yangu ya kuwakaribisha ikifika, mguu unauma. Ikirudi tena, ni presha. Mnaniombea, nasema amina, na mguu mzima kabisa! Sijui hayo maombi yenu yaliponya mguu wa nani.

Sasa mama mmoja wa kikundi akasema acha nikamwone mgonjwa. Akaja saa nane, jua kali, amebeba unga na maziwa. "Hodi! Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Nikasimama mlangoni nimeshika mguu. Halafu nikasahau ni upi nilisema unauma, nikashika yote miwili.

Ndugu zangu, nawaambia, tangu nianze kuwa na mlango wangu, mgeni akifika mdomo unasema wenyewe: "Karibu kiti." Siku hiyo mdomo ulifunguka, nikakumbuka kiti hakuna, nikaufunga. Tukaongea tumesimama kama watu wanangoja basi. Akarudi kwake na kiu. Nikafunga mlango nikalia. Makochi sikuyalilia. Nililia hayo maneno mawili.

Jirani yangu msusi akanisikia. Huyo mnamjua, anaongea haraka kama cherehani: "Shosho-unalia-nini-ati-viti-pekee-ngoja-nikuonyeshe." Akatoa simu. Kwa video kuna mzungu anatengeneza stuli na tairi kuukuu. Anaizungushia kamba ya katani na gluu, juu anafunika na kitu cheupe cha manyoya. Anaongea, "wisho wosho wosho," mimi sishiki neno, naangalia mikono. Nikasema, hii naweza.

Tairi nilipewa na fundi wa pancha. Kamba nikanunua. Sasa hayo manyoya meupe. Ninyi watu wa Kiamaiko, mtu akikuonyesha manyoya meupe, wewe unafikiria nini? Si mbuzi? Nani aliniambia kuna manyoya ya kiwanda, yanauzwa kwa mita kama leso? Nikaenda sokoni nikachukua ngozi, ingali na joto. Nikaipigilia misumari hiyo siku. Nikakaa juu. Laini! Nikajiambia karibu kiti, mama. Nikajijibu asante.

Siku ya pili, nzi. Siku ya tatu, mbwa. Watano, wamekaa mlangoni kwa laini kama wako kliniki. Mwangalizi wa ploti akaja amefinya pua: "Bama, hapa hakuda kuchidja!" Nikamwambia sijachinja, ni stuli. "Stuli ya wapi idaduka hivi?"

Cheka, cheka tu. Mimi sikucheka. Nilibeba hiyo kitu kwa kichwa, mbwa nyuma yangu, nikamrudishie mzee aliyeniuzia ngozi, halafu nirudi nijifungie na nisiwaone tena ninyi wote. Nilikuwa nimeamua hivyo. Mzee akainusa, akacheka hadi akashika ukuta. "Wallahi mama, hii nyama bado! Wewe nakalia mchuzi!" Halafu akasukuma mtungi wa plastiki uliokatwa, juu ameweka gunia, akaniambia, "Karibu kiti, nikufundishe."

Mtungi, jamani. Na gunia. Nikakaa, na nikawa mgeni kabisa. Nikaanza kucheka na sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Akanifundisha. Unakwangua mafuta yote na kisu butu. Unapaka chumvi ya mawe. Unaiwamba kwa vijiti, unaiacha kivulini, si juani, mpaka ilie kama ngoma ukiigonga. Ya pili ikapasuka. Ya tatu ikakubali. Mbwa mmoja akarudi, akanusa stuli, akaniangalia vibaya, akaenda zake. Nikajua kiti kimeiva. Nikatengeneza nne, na hiyo benchi ya mbao za kreti mmejazana juu yake.

Msusi, asante. Mzee wa ngozi hayuko, lakini nimempelekea stuli, akaisifu akiishika kwanza puani. Na ninyi mlioombea mguu mzima, nisameheni. Kama kuna mwenye amefunga mlango wake akingoja mpaka anunue sofa, mama, pindua ndoo, weka leso juu, fungua. Mgeni hakuja kuona kochi.

Sasa wewe hapo mlangoni, mama wa maziwa. Sijakutaja, ni ninyi mmemwangalia. Unaona hiyo stuli yenye kitambaa cha beseni? Hakuna mtu ameikalia bado. Nilikusimamisha mara moja, na leo nimekusimamisha makusudi, ndio nikwambie mbele ya watu.

Ingia, mama. Karibu kiti.