Bi Khole na Finjani Iliyowekwa Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali yetu, Bi Khole binti Asaad anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Wasifu wa Kiarabu umeandikwa na ofisi, umenyooka kama barabara ya Izki na una mhuri. Huu wa Kiswahili, wa kugawiwa sisi tuliorudi huku kwa babu zetu Waarabu kutoka Unguja na bara pamoja na watoto wetu, nimepewa mimi Abdullatif, dereva. Shule sikufika mbali, lakini Bujumbura nimefika, Dubai nimefika, Bombay nimefika, na kote huko sijaona mwanamke mkaidi kama huyu. Ukaidi huo ni sifa, na sasa tunauhitaji sote, maana tumesikia kiti chake hakitapewa mtu. Eti kompyuta mpya inatosha.

Alianzia mapokezi. Kiswahili chake ni kile cha mjini Unguja alichorithi kwa mama yake. Hata akikugombeza unahisi umekaribishwa chakula. Baadaye akawa mratibu wa wagonjwa wa kipato kidogo, hasa wenye bima mbili za umma. Asiyejua atasema, bima mbili, bahati iliyoje! Thubutu. Fahari wawili hawakai zizi moja. Mwenye bima moja hutibiwa, mwenye mbili hupigwa danadana.

Muulizeni Marhun, anayenyweshea watu mitende kwa maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji, kule Izki. Figo zake zilipogoma, alitakiwa kusafishwa damu kwa mashine kila wiki. Alikuwa na bima ya familia zisizojiweza. Binti yake Tufool alipopata kazi serikalini, kwa mapenzi ya mtoto akamwingiza na kwenye bima ya wategemezi. Basi dirisha la kwanza likamwambia nenda kwa bima ya binti yako, la pili likamwambia rudi ulikotoka. Miguu ikavimba mpaka viatu vikamkataa, na karatasi zilikuwa bado zinasalimiana.

Bi Khole akaniambia washa gari, twende Nizwa. Ofisini kwa Maen, msimamizi wa bima moja, tukakaribishwa tende na kahawa. Bi Khole akaipokea finjani yake, akaiweka chini. Huku kwetu kila mtu anajua maana yake: mgeni ana haja, na mwenyeji akimwacha aondoke bila kunywa, aibu itamfuata hadi kwa wajukuu.

Maen akabadilika rangi. "Kunywa, mama, inapoa."

"Na Marhun naye anapoa," Bi Khole akamjibu.

Maen akampigia simu mwenziwe wa bima ya pili, naye akaja mbio, pindo la kanzu mkononi, akaletewa finjani na asithubutu kuigusa. Walibishana, wakaitazama ile kahawa. Mwisho wakakubaliana mgonjwa atibiwe kwanza, bima zigombane baadaye. Hapo Bi Khole akanywa, baridi vile vile. Mimi nilishakunywa zangu tatu. Dereva hana haja na mtu. Alasiri ile ile Marhun alikuwa kwenye mashine, na mpaka leo anafungulia watu maji Izki. Makubaliano yale ndiyo yaliyokuwa desturi yetu kwa kila mgonjwa aliyemfuata, ila kila mara ilibidi Bi Khole aende kuyakumbusha.

Ramadhani ilipoingia Maen alipumua, akijua mchana hakuna kahawa. Bi Khole akamtokea nyumbani magharibi. Adhana inamalizika, yeye ameshika tende hafungui. Mama yake Maen akapiga ukelele: "We mtoto, mpe haja yake, utatutia dhambini!" Kabla ya sala mgonjwa mwingine alikuwa na ruhusa yake ya matibabu.

Sasa wallahi niulizeni: kompyuta itaiweka chini finjani gani? Itamwonea haya nani? Akina Marhun wamejaa kuanzia Izki mpaka Tanuf, na wiki ijayo watakuja kulitafuta dirisha la Bi Khole walikute limefungwa? Hilo halipiti.

Siku ya kumuaga, kwa ada, Mudiri wetu, mkuu wa hospitali, atatumiminia kahawa kwa mkono wake. Tunamheshimu, na ndiyo maana tunamwandikia hapa mapema asije akasema hakuambiwa. Wauguzi, wa mapokezi, wafagiaji na madereva, na safari hii hata mimi, tutazipokea finjani zetu kwa mkono wa kulia, tuziweke chini. Haja yetu ni moja: kiti kile kikaliwe na mtu.

Bi Khole, tunakushukuru kwa niaba ya wote uliowakalia kitako mpaka wakatibiwa. Mungu akupe afya na umri mrefu katika migomba yako ya Birkat al Mauz, na bima yako iwe moja tu. Siku hiyo ya kukuaga wewe usisubiri mtu. Kunywa yako ingali moto. Yetu iache ipoe.