Alichanjwa Wapi Kadra?

Kijiji kizima cha Ozi hakuna mwenye masikio makali kama mimi, ndiyo maana nahodha aliniita mara tatu nisogee na sikumsikia. Mafuriko yalikuwa yameikata barabara, tukawa tunavushwa kwa boti kuelekea Garsen. Mbele yangu walikaa wasichana wawili wanaosomea uuguzi, na hao niliwasikia vizuri.

"Kadra, sindano iliyokudunga wodini leo imetoka kwa mgonjwa wa homa ya ini, ile B. Tukishuka twende hospitali. Dawa yake haingoji."

"Hasina, punguza sauti! Mimi nilimaliza chanjo zake zote."

"Wallahi?"

"Wallahi tena."

Hata mimi nikashusha pumzi, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Hasina hakutulia. "Ulidungwa wapi?"

"Chuoni, kama nyinyi."

"Nauliza mwilini."

"Kwenye tako, dada. Siku mbili nilikaa upande."

Nilijikuta nikilisugua langu kwa huruma. Boti ikagusa ukingo, lakini Hasina hakuinuka. Alijigonga bega.

"Sote tulidungwa hapa, Kadra. Hakuna aliyevua sketi."

Kadra akajishika bega upesi, kama mtu aliyekumbuka ghafla.