Lempi Irene Trevarrow, Aliyekataa Kugusa Swichi ya Vita

Marehemu Lempi Irene Trevarrow alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji hiki cha Kuusi Creek, kaskazini mwa Michigan, akiwa kifungua mimba wa Eino na Saima Rautiola. Baba yake alichimba shaba hadi mgodi ulipofungwa, kisha akawa mkata magogo. Mdogo wake Waino, anayewasomea maneno haya, alizaliwa miaka minne baadaye.

Alisoma hapa hapa na kumaliza sekondari Juni 1975. Mwalimu wa hesabu aliwahi kumwandikia mama yao barua ya kulalamika kwamba Lempi amefungua saa ya ukutani ya darasa. Mama alijibu kwa mstari mmoja, akiuliza kama sasa inakwenda sawa. Ilikuwa inakwenda sawa.

Septemba mwaka huo alijiunga na jeshi, akafundishwa ufundi wa jenereta za dizeli na kupelekwa Ujerumani. Jenereta ya jeshi hujilinda: msukumo wa oili ukishuka au injini ikichemka, hujizima yenyewe. Lakini ina pia swichi moja yenye kifuniko chekundu, ambayo askari huiita swichi ya vita. Ukiiinua, ulinzi wote unalala na mashine inaendelea kuunguruma hata kama inajiua, kwa kuwa vitani kuna saa ambayo umeme una thamani zaidi kuliko injini. Februari 1978, wakiwa mazoezini tu, sajini wake aliiinua huku taa ya oili ikiwaka. Dakika nne baadaye injini ilipasuka, na kipande cha chuma kikamtoa jicho kijana aliyesimama karibu na Lempi. Lempi alilisimulia hilo mara moja, saunani kwa mama, kwenye chumba cha kuogea mvuke, na hakulirudia tena.

Alirudi nyumbani mwaka 1979, akageuza ghala la babu kuwa karakana. Alinunua jenereta kuukuu kwenye minada ya jeshi, akazifufua na kuwauzia watu wa huku, ambao theluji huwakatia umeme kila mwaka. Utaratibu wake haukubadilika: kwanza macho, kisha pua, kisha kipimo. Spana ilikuja mwisho.

Karakanani ndiko alikokutana na Dale Trevarrow. Dale alileta jenereta ya kambi yake ya uwindaji, Lempi akatoa kiota cha panya kwenye bomba la hewa. Baada ya wiki mbili Dale akairudisha, akisema inakohoa. Mara ya tatu Lempi aliizunguka mashine, hakuona kasoro, akamwambia, "Hii haiumwi. Wewe ndiye unayeumwa. Kaa, ninywe kahawa nawe." Walifunga ndoa tarehe 16 Juni 1984 katika kanisa hili la Kilutheri, wakajaliwa watoto wawili, Kaarina na Todd.

Wengi waliopo hapa wanaikumbuka Alhamisi ya tarehe 8 Januari 2009. Barafu ilikuwa imeangusha nyaya tangu jana yake, na nyumba ya wazee iliendeshwa na jenereta ya jeshi ambayo Lempi mwenyewe aliifunga. Ndani mlikuwa na wazee thelathini na mmoja. Sita walipumua kwa mashine za oksijeni, na mmoja wao alikuwa baba yake, mzee Eino. Waino ndiye aliyekuwa msimamizi wa jengo, na kila asubuhi alimnyoa baba ndevu.

Saa nne asubuhi jenereta ilizimika. Waino aliiwasha, ikaenda dakika mbili, taa ya oili ikawaka, ikazimika tena. Barabara ilikuwa imezibwa na miti, gari la wagonjwa lisingeweza kupita. Mitungi ya akiba ya oksijeni ilitosha saa moja na robo. Lempi, aliyeitwa kwa simu, alifika kwa pikipiki ya theluji, sanduku la vifaa likiwa limefungwa nyuma.

"Oili imejaa," Waino alimwambia. "Nimeipima sasa hivi, imepita hata alama. Kipimo cha msukumo ndicho kinachodanganya. Inua swichi ya vita, dada."

Lempi alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akasugua tone katikati ya vidole. Lilikuwa jepesi kama maji.

"Kipimo kinasema kweli," alisema. "Pampu ya dizeli imetoboka, dizeli inavujia kwenye oili. Hapa hakuna oili tena."

"Baba anakata roho mle ndani, wewe unanusa kijiti?"

"Nikiinua hiyo swichi mtapata umeme wa dakika tano. Baada ya hapo hamna."

Waino alinyoosha mkono kwenye kile kifuniko chekundu. Lempi hakumsukuma. Aliingia kati, mgongo wake ukaziba swichi, akamwambia aende jikoni akalete bati la kuokea, mkasi wa bati na boksi lolote la nafaka, na oili mpya aliyokuja nayo iwekwe juu ya jiko la gesi, maana kwa baridi ile isingemiminika. Waino alimwita muuaji mbele ya wauguzi. Alimwita hivyo mara mbili. Kisha akaenda kuleta bati.

Lempi alimwaga oili yote iliyoharibika, akafungua pampu kwa mikono mitupu, kwa sababu nati zilikuwa ndogo mno kwa glavu. Ngozi ya vidole iliganda kwenye chuma na kubaki pale. Alikata bati kuziba tundu lililoachwa na pampu, akakata karatasi ya boksi iwe kizuizi cha kuvuja, akafunga dumu la dizeli juu ya ngazi ili mafuta yashuke yenyewe hadi kwenye injini. Walipomimina oili ya moto, muuguzi alikuja kusema mshale wa mtungi wa mzee Eino umefika kwenye wekundu.

Lempi alipiga stata. Haikushika. Alilegeza paipu akatoa hewa, akapiga tena, betri ikaanza kuchoka. Akalegeza paipu nyingine, akangoja povu likome, na hapo Waino alitoka nje kwa kuwa hakuweza kuangalia. Mara ya tatu injini ilishika. Lempi hakumtazama mtu. Aliweka mkono kwenye kizimio, macho kwenye kipimo cha oili, akakaa hivyo dakika kumi nzima. Zilikuwa zimepita dakika hamsini na tatu tangu afike. Wazee wote thelathini na mmoja waliiona jioni, na mzee Eino aliishi hadi 2011.

Oktoba 2022 Lempi aligunduliwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa mjini Marquette, kisha akaomba arudishwe nyumbani, ambako aliaga dunia Jumatano tarehe 3 Mei 2023, Dale akiwa amemshika mkono.

Waliokuwepo siku ile ya barafu walimsikia Waino akimwita dada yake muuaji. Leo wasikie na hili. Daftari la mashine lilionyesha kwamba Jumatatu tatu mfululizo Waino alipima oili, akaandika kipimo kinachopanda, na pembeni yake akaandika kuwa iko vizuri. Oili haiongezeki yenyewe. Lempi alilisoma daftari hilo siku ile ile, lakini kwenye taarifa yake aliandika tu kwamba pampu ilitoboka. Wiki moja kabla Lempi hajafa, Waino alimuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo.

"Ningesema, wangekufukuza," alijibu. "Na baba alizoea kunyolewa na wewe."

Marehemu ameacha mume, Dale, watoto, Kaarina na Todd, wajukuu watatu, na mdogo wake, Waino, ambaye kwa maneno haya anamwomba radhi mbele yenu nyote. Mungu ampokee Lempi, ampe pumziko alilolifanyia kazi.