Mwende Alipokosa Sahihi ya Baba

Nawasalimu, ndugu zangu wa Matinyani, kwa jina la Bwana ambaye hakuniacha hata siku ile nilipompandisha binti yangu Mwende juu ya meza ya karani wa hospitali kubwa kule Nairobi, nikamwambia, "Haya, mpeleke wewe kwa baba yake. Mimi nimechoka kufukuzwa."

Mwende mnamjua. Mlimwombea alipopata kansa ya damu, akatibiwa, akapata nafuu, tukaimba hapa mbele na kayamba. Ndugu zangu, ugonjwa ulirudi. Fizi zilitoka damu, mguu ukamuuma hata hakanyagi. Daktari aliniambia ukweli: dawa za kwanza zimeshindwa. Kuna nyingine mpya, bado wanaijaribu kwa wagonjwa waliorudiwa na ugonjwa. Yaweza kumsaidia, yaweza kumdhuru. Niliomba, nikalia, nikakubali.

Karani akakataa nitie sahihi fomu ya dawa hiyo. Sahihi ni ya baba, alisema. Nikamweleza vile nyinyi wote mnajua: niliolewa na Mwaitu Kalekye, mwanamke mjane asiye na mtoto, ili nyumba yake isizimike. Kwetu Ukambani hiyo ni ndoa, na watoto ninaozaa ni wake. Akanirudisha nyumbani nikatafute mwanaume. Nilipokwenda tena, akanirudisha tena. Mtoto anatoka damu, yeye anatafuta suruali!

Na kuna mzee wa kanisa hili, namwona hapo amekaa, aliyenishauri nichukue mwanaume yeyote wa stendi aseme ndiye baba. Kanisa lililoninyima ubatizo kwa sababu ya ndoa yangu ndilo linanifundisha uongo?

Basi nikaenda na Mwaitu mwenyewe, na uzee wake. Akasimama mbele ya karani, akasema, "Baba ni mimi. Mahari nililipa mimi."

Karani akacheka. "Shosho, hata ndevu huna."

"Wewe unazo. Zimetibu nani?"

Hapo ndipo nilipompandisha Mwende mezani. Foleni yote ikapiga kelele mpaka daktari akatoka chumbani. Alitusomea hatari zote upya, polepole, akauliza kama tumeelewa. Mimi nikatia sahihi, Mwaitu akaweka dole gumba.

Ndugu zangu, dawa ile ilimtesa. Nywele zilianguka, mdomo ukawa vidonda vitupu. Mtoto wa kitanda cha pili alipewa dawa hiyo hiyo na hakurudi kwao, na mamake aliomba kama mimi. Sijui kwa nini. Msiniulize. Lakini damu ya Mwende imesafika, ingawa daktari bado anamwangalia, na asubuhi hii amegombana na Mwaitu juu ya maziwa. Bwana asante. Kwa hasira yangu yote, asante.

Wewe mama mwenye mgonjwa, mtegemee Mungu, na usitoke mlangoni hata wakikucheka. Mimi sikunyamaza. Nilirudi hospitalini nikapeleka malalamiko kwa mganga mkuu, yakapigwa muhuri mbele yangu. Niliandika hivi:

"Mimi, mama mzazi wa Mwende, namlalamikia karani wako kwa kumchelewesha mtoto mgonjwa na kumdhihaki Kalekye, aliyenioa. Naomba mama mzazi akubaliwe kutia sahihi, awe na mume au asiwe naye. Naomba nijibiwe kwa maandishi. Nimesoma hadi kidato cha nne, nitaelewa."