Mwalimu Nthiwa, Baba Aliyeachwa Nyumbani

Wachungaji, walimu, majirani wetu wa Migwani na nyinyi mliotoka mbali, Mama ameomba wasifu huu usomwe na kifungua mimba. Ni mimi, Kanyiva. Nitajaribu kufika mwisho.

Marehemu Mwalimu Jeremiah Nthiwa Ndululu alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1957 karibu na soko la Nuu, mtoto wa tano wa marehemu Mzee Ndululu na marehemu Kanyiva. Alipenda kutuambia kwamba alizaliwa kando ya njia, mamake akitoka kuchota maji mchangani mtoni, na kwamba maji yale yalifika nyumbani bila kumwagika. Mimi nilipewa jina la huyo mama. Ndiyo maana, kama ilivyo desturi yetu Wakamba, marehemu hakuniita Kanyiva hata siku moja. Aliniita Mwaitu, yaani mama yangu.

Alisoma shule ya msingi huko Nuu, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1972 akiwa na kalamu ya kuazima. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1976, kisha akaingia chuo cha ualimu. Januari 1979 aliripoti kazini Ikutha na sanduku la bati na viatu jozi moja.

Huko Ikutha ndiko alikomwona Kalekye, mama yetu, binti wa mfanyabiashara wa mbuzi. Mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kufungua uchumba, aliwapeleka Jumamosi moja ya mwaka 1982. Wazee walikuwa wametaka Jumatano, naye akakataa kabisa. "Jumatano niko na darasa," aliwaambia. Babu yetu alicheka na kusema mtu anayeheshimu kazi hivyo ataheshimu na bibi. Walifunga ndoa kanisani tarehe 10 Desemba 1983, shule zikiwa zimefungwa bila shaka.

Mwaka 1986 alihamishwa hadi Migwani, akafundisha huko hadi alipostaafu Oktoba 2017. Muda mwingi alipewa darasa la kwanza, kwa sababu walimu wengine walilikimbia. Alijua kumfundisha mtoto asiyejua neno la Kiswahili, anayelia, aliyekuja bila kunywa chai. Karibu kila mtu wa Migwani wa rika langu alishikwa mkono na marehemu akaandika herufi ya kwanza. Jioni alitulimia, alitupikia Mama alipougua, na alishona sare zetu mwenyewe kwa sindano. Hakutuchapa nyumbani. Alikuwa baba mwema, na neno hilo ndilo linalonisumbua.

Niliingia darasa lake Januari 1991. Siku ya kwanza niliinua mkono nikasema, "Baba, penseli yangu imevunjika." Darasa zima lilicheka. Marehemu alikuja, akaichonga ile penseli kwa wembe, akaniambia polepole, "Mwaitu, baba tumemwacha nyumbani. Hapa kuna mwalimu." Hakutaka mtu aseme mtoto wake anapendelewa. Jioni niliingia jikoni nikamuuliza Mama, "Baba ako wapi?"

"Si huyo hapo nje anakunywa chai?"

"Huyo si baba. Huyo ni mwalimu. Baba aliachwa hapa."

Nilimtafuta hadi nyuma ya ghala. Walicheka mpaka chai ikapoa, na kisa hicho kilisimuliwa kila Krismasi. Lakini tangu siku hiyo nilimwita Mwalimu, shuleni na nyumbani. Wadogo zangu, Muli, Mumbua na Mbuvi, wakanifuata mimi. Mwishowe hata Mama akaacha kumwita Baba Kanyiva. Watoto wa wenyewe walipoteleza darasani wakamwita baba, marehemu aliitika tu. Nilikuwa nikimwona akiitika. Sikufikiri lolote.

Aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari mwaka 2014. Mwaka jana figo zikakataa, ikawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Kitui. Hakulalamika. Alimfundisha mama mmoja wa wadi ile kuandika jina lake kwenye bahasha ya dawa.

Jumapili, tarehe 20 Julai, akiwa amelazwa Kitui, alinipigia simu. Mimi pia ni mwalimu, ninafundisha mjini Wote, Makueni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwaitu, nesi ameniuliza kama niko na watoto. Nikamwambia wanne. Akasema, mbona wote wanaokuja hapa wanakuita mwalimu?"

Nilicheka. Naye akacheka kidogo.

"Mimi nakuita mama siku zote," akasema. "Wewe ukiniita baba utapungukiwa na nini?"

Niliona haya. Mtu mzima wa miaka arobaini na moja, na nikaliogopa neno hilo kama la kuiba. Nikamwambia, "Mwalimu, nitakuita nikikuja Ijumaa. Wiki hii tuko na mtihani."

"Sawa. Maliza mtihani kwanza," akasema. "Mwalimu haachi darasa."

Alhamisi tarehe 24 Julai, saa nne asubuhi, nilikuwa nikisimamia karatasi ya Kiswahili Muli aliponipigia. "Dada, mzee ametuacha." Niliondoka na chaki mkononi. Nilipofika Kitui kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka mpya.

Mmenifariji kwa kusema Mungu hakosei. Mimi sijafika hapo bado. Mmesema pia kwamba majuto ni mjukuu. Mjukuu angalau hupakatwa. Neno baba nimelisema kila siku tangu hapo, jikoni, chooni, mbele ya jeneza, na hakuna anayeitika. Hata karatasi hii ilitaka nimwite marehemu, nami nimetii kama nilivyotii mwaka 1991.

Mwalimu Nthiwa amemwacha mjane, Mama Kalekye, watoto wanne, Kanyiva, Muli, Mumbua na Mbuvi, wajukuu saba, dada mmoja, Kavindu wa Nuu, na wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu. Kaka zake watatu walimtangulia.

Wajukuu, nyinyi mwiteni mtu wenu jina lake akiwa anasikia.

Baba, mtihani sikuumaliza. Darasa nimeliacha, nimekuja. Pumzika kwa amani, Baba.