Bilha Namalwa, Mwalimu Aliyekataa Kupumzika

Wafiwa wenzangu na majirani wa mtaa huu wa Hai Malakal hapa Juba, mimi ni Linus Wafula, kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Bilha Namalwa alizaliwa tarehe 3 Mei 1966 huko Kimilili, Kenya, akasomea hapohapo, akahitimu ualimu wa biolojia mwaka 1989, akafundisha Kitale, na huko akakutana na Santino Lado, mkimbizi kutoka Rejaf, karibu na Juba, kusini mwa Sudan, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na kujaliwa Flavia na Isaiah. Amani ilipotiwa sahihi mwaka 2005, Santino alitaka kurudi kwao, naye Bilha akamfuata hadi Juba bila kuuliza nyumba ina paa gani, akaendelea kufundisha.

Machi 2008 mguu wa kushoto ulianza kumuuma kila akitembea, ukafanya kidonda, na madaktari wa Nairobi wakakuta kisukari kimeziba mishipa yake ya damu, wakasema mguu huenda ukakatwa, ila kwanza, kidonda kikitunzwa, atembee kila siku mpaka mguu uanze kumuuma, asimame kidogo, aendelee. Sisi tulishangaa, lakini mwalimu alifurahi kama aliyepewa mtihani anaoujua, akatueleza mezani, chakula kikipoa, kwamba ndani ya seli za mishipa mna mitokondria, ambazo vitabu huzisifu kwa kuzalisha nguvu tu, kumbe pale ukutani mwa mshipa kazi yao kubwa ni kupeleka habari, na msuli ukifanya kazi hadi ukapungukiwa na oksijeni, hizo husaidia kuamsha vijishipa vipya vipite kando ya palipoziba, lakini mtu akikaa tu, nazo huzubaa.

Basi akatembea. Mama mkwe wake, Mama Poni, aliyeamini kwamba mgonjwa hulala, alimfuata nyuma na kiti cha plastiki, akimsihi, "Bilha, wewe pumzika," naye akajibu kila mara, "Mama, nitapumzika nikifika." Vijana wa boda walicheka wee, halafu wakazoea kuwapisha. Kidonda kilifunga, mguu haukukatwa.

Lakini moyo nao una mishipa yake, na hiyo hatukuiona ikiziba. Tarehe 6 Novemba 2010 alishikwa na maumivu ya kifua darasani, akafariki hospitalini siku hiyohiyo, miezi miwili kabla ya kura ya uhuru wa Sudan Kusini aliyotamani kumwona Santino akiipiga. Tumeumia sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani mliopika na kulala nasi matangani.

Tutamzika Rejaf. Mama Poni ameomba tuteremke barabarani, tumsindikize kwa miguu hadi kaburini, na kiti chake amekuja nacho.

Dada yangu, umefika, na umefika na miguu yako yote miwili. Mama Poni anakuambia tena lile neno lake, na leo hutamjibu: Bilha, wewe pumzika, pumzika kwa amani.