Kitendawili cha Tsonka Hakifunikwi

Ijumaa asubuhi, kesho yake ikiwa arobaini ya marehemu Tsonka, wazee watatu wa Dolna Lipa walikuwa wamekaa kwenye benchi lao mbele ya nyumba ya kusomea, ile maktaba ya kijiji, kila mmoja ameshika kikombe chake cha kahawa kwa mikono miwili, na hakuna aliyekuwa na raha. Kulikuwa na Stamen, aitwaye Waziri, kwa kuwa zamani aliwahi kumbebea waziri mkoba kutoka garini mpaka jukwaani, na tangu siku ile hajaacha kuwahutubia watu. Kulikuwa na Velko, aitwaye Daktari, aliyekuwa akichoma sindano ng'ombe wa ushirika mpaka ushirika ukafa na ng'ombe wakauzwa. Na kulikuwa na Neycho, aitwaye Gundi, kwa sababu yeye ndiye mbandikaji wa matangazo ya vifo. Mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa ubaoni pembeni ya benchi, na siku ya arobaini hubandikwa nyingine, na miezi sita nyingine, na mwaka nyingine, na kwa jinsi kijiji kilivyo siku hizi, ubaoni kuna watu wengi kuliko mitaani. Ndoo ya gundi ilikuwa miguuni pa Neycho, karatasi ya arobaini iko mapajani. Ubao umejaa. Palikuwa pamebaki mahali pamoja tu pasipo na sura ya marehemu yeyote, napo palikuwa na karatasi ambayo Tsonka mwenyewe aliiandika kwa mkono wake kabla hajafa.

— Bandika, bwana, akasema Waziri. Gundi yako inaganda.

— Siifuniki.

— Utabandika wapi basi, kwenye kipara cha Velko?

— Nafasi ipo, akasema Daktari, akavua kofia. Ila mniambie kabla, nikioshe.

— Mpwa wa Tsonka kakuletea karatasi jana, kakulipa, kakuambia iwe tayari kabla ya ibada, akasema Waziri. Kesho watu wakitoka kanisani na vikombe vyao vya ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu wapite hapa wamwone. Sasa wewe unatutia aibu kwa ajili ya nini? Kwa kitendawili?

— Hakijateguliwa.

— Basi tutegue tumalize.

Neycho alikoroga gundi. Alikuwa analijua jibu. Alilijua tangu siku ya maziko, alipokuwa amesimama hapo hapo na brashi mkononi, na tangu siku hiyo hajamwambia mtu.

Kila Jumatatu, kwa miaka thelathini na kitu, Tsonka, mtunza vitabu wa nyumba hiyo, alitoka mlangoni na karatasi yake. Juu aliandika vitabu, kila mtoto na chake, kwa jina. Chini akaweka kitendawili. Watoto walikuwa na juma zima la kuandika majibu na kuyatia kwenye kisanduku cha bati cha rangi ya bluu kilichopigiliwa ukutani kando ya mlango, pamoja na maneno mawili matatu juu ya kitabu walichokisoma. Jumatatu inayofuata anafungua, anasoma, anabandika mpya. Wazee walizoea. Akitokea tu akisema "kitendawili", benchi zima huitikia "tega", na wakishindwa wanampa mji kama desturi inavyotaka.

Kisha shule ikafungwa. Familia ya mwisho yenye watoto ikaenda zake Ujerumani. Ikasemekana nyumba ya kusomea isiyo na wasomaji nayo itafungwa. Juma lile lile Neycho alikaa jikoni kwake, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto ili maandishi yawe ya kitoto, akaandika jibu, na chini yake akatia jina la Zori, mjukuu wake aliyezaliwa Hispania. Jumatatu akakuta jina la Zori ubaoni, na kitabu cha Zori. Ikabidi akiazime, eti anampelekea mtoto kwa posta. Ikabidi akisome, maana Tsonka atauliza. Mtu ambaye maishani alikuwa amesoma maelezo ya pakiti za mbegu tu, akajikuta saa nane mchana analia juu ya farasi wa kwenye karatasi.

Baadaye ndipo alipogundua kwamba Waziri naye anaandika kwa jina la Boyan, na Daktari kwa jina la Kalina.

— Nina mdomo, sina ulimi, akasoma Waziri, akiikodolea macho karatasi. Chakula changu karatasi. Mkinipa nafurahi, mkininyima sigombi, nangoja. Mimi ni nani? Mbona rahisi. Ni halmashauri.

— Halmashauri inafurahi lini? akauliza Daktari.

— Unapeleka fomu, inameza. Unapeleka nyingine, inameza. Hujibiwi. Nina faili zima nyumbani.

— Lakini wao wanagomba, tena wanagomba sana. Hapa imeandikwa sigombi. Mimi nasema ni jiko la kuni.

— Jiko linakula kuni, we Daktari. Jina lake lenyewe linakwambia.

— Langu linakula magazeti tangu kuni zipande bei. Tena likinyimwa halisemi neno, linazimika tu.

— Halingoji, akasema Neycho, na papo hapo akajuta kufungua mdomo.

— Sanduku la kura, akasema Waziri, akanyoosha kidole kama yuko jukwaani. Hilo ndilo. Na hapa marehemu alikuwa anatutumia ujumbe. Mwanamke yule alikuwa na siasa ya chini kwa chini, mimi nilishamsoma mapema.

— Ujumbe kwa watoto wa miaka minane?

— Watoto gani, Velko?

Daktari akapuliza kahawa ambayo haikuwa na moto tena.

— Basi ni joka la kisima cha juu, akasema. Msicheke. Bibi yangu alilijua. Enzi za Waturuki watu walikuwa wanaliandikia barua, wanazitupa kisimani, na asubuhi huzikuti.

— Zinalowa, bwana.

— Zinalowa zinakwenda wapi?

— Haya, tukubali tumeshindwa, akasema Waziri. Tumpe mji, mambo yaishe, Gundi abandike. Tunampa Plovdiv.

— Plovdiv tulishampa mwaka juzi, kwenye kile cha kioo.

— Varna.

— Anayo.

— Burgas.

— Anayo vilevile. Alisema ina mbu, akataka tumbadilishie.

— Imebaki nini basi?

— Imebaki hii Dolna Lipa, akasema Daktari.

Waziri akatazama barabara yote, kutoka kanisani mpaka kwenye daraja, madirisha yaliyopigiliwa mbao na bustani zilizoota magugu.

— Na hata ukimpa mji, akasema Neycho polepole, mtegaji ndiye anayepaswa kutoa jibu. Sasa nani atalitoa?

— Ndiyo maana nasema ufunike.

— Nimesema siifuniki, Stamen. Kabandike wewe kama una mkono.

Waziri hakuichukua brashi. Badala yake akarudi kuisoma ile karatasi, sehemu ya juu, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi kwa siku thelathini na tisa.

— Kwa Boyan: umesema kile cha mabaharia kilikuchosha. Jaribu "Kamba ya Kengele". Ni kifupi, tena hakuna mtu anayehutubia. Akakohoa. Mnadhani alijua ni sisi?

— Hakujua, akasema Daktari. Angetufichua. Mwanamke gani angekaa miaka sita anawaandikia wazee wenye jino moja kama watoto?

— Soma la Kalina.

— Nimelisoma.

— Lisome tena kwa sauti.

Daktari akasoma bila kutazama ubaoni, maana alikuwa nalo kichwani.

— Kwa Kalina, ambaye huu ni mwaka wa sita ana miaka minane: kula mboga, mwanangu, ukue. Kisha soma "Nyuki wa Bibi Harusi".

— Basi alijua.

— Au alikosea hesabu.

— Tsonka hakukosea hesabu hata siku moja.

La Zori hakuna aliyelisoma kwa sauti, na Neycho alishukuru.

— Nikuulize kitu, Velko, akasema Waziri, na sauti ya jukwaani ilikuwa imempotea. Juma lile la mwisho, uliweka karatasi?

— Ndilo juma la kupika pombe ya plamu. Zamu yangu mtamboni ilikuwa Jumanne, pipa zima linangoja, na tulikuwa tumeonja. Nilijua wewe umeweka.

— Mimi nilijua Gundi kaweka. Gundi hakosi.

Wote wawili wakamgeukia. Neycho alishika karatasi ya arobaini kwa nguvu mpaka ikajikunja pembeni, akainyoosha kwa kiganja juu ya goti.

— Sikuweka, akasema. Nami nilikuwa kwenye foleni ya mtambo, pale ng'ambo ya barabara. Jumatatu nilimwona akitoka na ufunguo. Akafungua kisanduku, akachungulia. Kisha akaingiza mkono, akapapasa ndani, mpaka pembeni, kama mtu anayetafuta sarafu. Nikajiambia nitamwandikia kesho. Hakubandika mpya. Alipopita pale mtamboni nikamwamkia, nikamuuliza mbona leo hakuna kitendawili. Akaniambia, "Watoto watakuwa wanasaidia mavuno. Nitawangoja."

— Na Jumanne usiku akafa, akasema Daktari.

— Na Jumanne usiku akafa.

— Moyo, Neycho. Ulikuwa mbovu tangu zamani. Mimi nilimpima.

— Wewe ulikuwa unapima ng'ombe.

— Moyo ni moyo.

Hakuna aliyecheka. Upepo uliinua kona ya karatasi ya Tsonka, na Neycho akanyoosha mkono akailaza.

Ndipo mtoto akatokea upande wa bomba la maji la njia panda, amevaa koti la mama yake lililomfika magotini, ana kikombe cha ngano ya sukari aliyoiba jikoni kabla ya kesho. Alikuwa Zori, Zori mwenyewe wa Hispania, ana miaka kumi na moja. Walifika na mama yake usiku, kwa ajili ya arobaini, kwani Tsonka ndiye aliyemfundisha mama huyo kusoma. Neycho alikuwa hajapata nafasi ya kumweleza lolote, au ameipata akaikwepa.

— Babu, mama anauliza utakunywa supu saa ngapi.

— Nakuja sasa hivi, mama yangu. Wasalimie hawa babu zako.

— Shikamooni, mababu.

— Marahaba, wakajibu wote wawili kwa pamoja, na Waziri akasogea ili mtoto akae. Hakukaa. Alikuwa ameuona ubao. Alisoma taratibu, kidole hewani, kwa maana kusoma lugha ya nyumbani alifundishwa na mama yake mezani, siyo shuleni.

— Nina mdomo, sina ulimi. Chakula changu karatasi. Akaendelea mpaka mwisho, huku midomo inacheza. Kisha akageuka, akakitazama kisanduku cha bluu ukutani, nyuma ya migongo ya wazee watatu. Si ndicho hicho? akauliza.

Daktari aliinamisha kichwa. Waziri akavaa kofia, akaivua tena. Neycho akaona kwamba hakuwa peke yake. Wote walijua, na wote walikuwa wamekaa siku thelathini na tisa wamekipa mgongo.

— Ndicho, mjukuu wangu, akasema Neycho. Ndicho hicho.

— Jibu lake linawekwa humo humo?

— Humo humo.

Zori akatoa risiti ya basi mfukoni mwa koti la mama yake, akaomba kalamu. Waziri alikuwa nayo. Zori akaandikia kwenye goti, ulimi nje, kwa mkono wa kushoto, mkono wake mwenyewe wa kweli, na Neycho akatazama yale maandishi yaliyopinda akaona yanafanana na yake ya uongo. Mtoto akaenda akaitumbukiza. Ilianguka juu ya bati tupu, ikasikika mpaka kwenye benchi.

Akarudi ubaoni akala ngano kijiko kimoja. Ndipo akaona jina lake.

— Babu, mbona hapa wameniandika mimi? Akasoma, neno baada ya neno. Kwa Zori: wewe unasoma kwa moyo. Nimeuona unyevu kwenye ukurasa wa mwisho wa kile cha farasi, usione haya. Kitabu kinachokufaa sasa nimekipata, kizuri kuliko vyote. Nitakuambia Jumatatu.

Akawageukia.

— Jumatatu ipi?

Daktari akainamisha kikombe, akakuta mashapo matupu. Neycho aliinuka kwa shida, akachukua ndoo na brashi na ile karatasi yenye picha ya Tsonka, akaupita ubao bila kuugusa. Akaenda mpaka kwenye mlango wa nyumba ya kusomea, uliofungwa kwa siku arobaini kasoro moja. Akapaka gundi, taratibu, pembe zote nne, akambandika hapo, karibu na kisanduku, mahali ambapo Tsonka angeweza kuona nani anakuja.

— Babu, akasema Zori nyuma yake. Jumatatu ipi?